Kamera Iliyosema Bongo Mchana

Mama wa kupanga chupa ndiye aliyegundua, si mimi. Mwezi wa kumi ulikuwa umeanza, ule mwezi wa Lubumbashi ambao mvua bado inasuasua, vumbi jekundu limeshafika kwenye nyusi, na mabati ya kiwanda yanaanza kulia kwa joto tangu saa tano asubuhi. Akaniita kutoka mlangoni: "Papa, kuya uone. Iyi mashini yako asubuhi inasema kweli, mchana inasema bongo."

Kwa msomaji wa Dar es Salaam: huku kwetu bongo si akili, wala si mji wenu. Bongo ni uongo.

Alikuwa ametenga kreti mbili. Kreti ya kwanza ilikuwa na chupa zilizokataliwa na kamera tangu asubuhi, saba au nane, na kila moja ilikuwa na kosa lake: ufa shingoni, gundi ya lebo ya zamani, moja ina kipande cha kioo kimeng'ang'ania kitakoni. Ya pili ilianza kujazwa saa nane mchana, ikajaa, akapandisha nyingine juu yake, na nyingine. Alichomoa chupa moja, akaielekeza juani, akaizungusha polepole mbele ya pua yangu. Nilikuwa naona kucha zake upande wa pili. Hakuna kitu ndani.

Kiwanda chenyewe ni kidogo, cha vinywaji baridi, na sitakitaja kwa sababu mwenyewe bado ananilipa. Mimi ni fundi wa umeme na mitambo. Naitwa kikiharibika kitu, na kisipoharibika hakuna anayekumbuka jina langu. Siku hiyo shefu, yaani bosi wa kiwanda, alikuwa ameshawafokea wasichana wa kuosha chupa mara mbili. Nilipofika alikuwa anaelekea mara ya tatu, kisha akageuka kwangu. "Sasa tufanye je? Kamera imekufa?"

Kamera haikuwa imekufa. Ingekuwa imekufa ningeimaliza kazi hiyo kabla ya chakula.

Kazi yake ni moja tu. Chupa zetu ni za kurudishwa: unakunywa, unarudisha, inaoshwa, inajazwa tena. Chupa ikigongana na mwenzake njiani huweza kuacha chembe ya kioo ndani, na chembe hiyo ikipita bila kuonekana itaishia kooni mwa mtoto wa mtu. Kwa hiyo kila chupa iliyooshwa husimama kidogo ndani ya sanduku lililopakwa rangi nyeusi, taa za LED zikiimulika kutoka pembeni, kwa mshazari. Kioo safi hakirudishi mwanga huo kwa kamera. Chupa huonekana kama kivuli. Lakini chembe yoyote, hata ndogo, humeta. Kamera inatafuta cheupe ndani ya cheusi. Ikikiona, kimkono cha hewa kinasukuma chupa pembeni.

Sasa fikiria kamera hiyo, ambayo riziki yake yote ni kutafuta madoa meupe gizani, ianze kuyatengeneza yenyewe.

Mimi nilianza na vumbi. Mwezi wa kumi, Lubumbashi, ni nani asingeanza na vumbi? Nilifungua lenzi, nikapuliza, nikafuta kwa pamba na spiriti, nikarudisha. Madoa yapo. Nikafungua tena. Siku nzima na nusu ya pili ikaenda hivyo, na linaloniuma ni kwamba najua kabisa namna ya kutofautisha. Punje ya vumbi iliyokaa juu ya kioo kinachofunika kihisi, kile kinachopokea mwanga nyuma ya lenzi, haiwezi kuwaka. Inachoweza ni kuzuia mwanga, basi hutoa kivuli: doa la kijivu lenye kingo zilizofifia. Ukilibana tundu la lenzi, kivuli hukaza na kuonekana wazi. Ukilifungua, hutawanyika hadi kinapotea. Madoa yangu yalikuwa meupe, makali kama ncha ya sindano, kila moja pikseli moja peke yake, na hayakujali tundu limebanwa au liko wazi. Unazungusha lenzi, hayasogei. Unabadilisha chupa, hayasogei. Mwenye macho angeona tangu chupa ya pili kwamba doa ambalo halifuati chupa wala lenzi linakaa ndani ya kamera. Lakini nilikuwa na pamba mkononi, na mtu mwenye pamba mkononi hufuta.

Hatimaye nikafanya jambo la kufanywa dakika ya kwanza. Niliziba lenzi kwa kifuniko chake cheusi, nikafunika kamera nzima kwa koti langu, nikapiga picha ya giza.

Kioo cha kompyuta kikawa kama anga ya Katuba umeme ukikatika. Nyota kila mahali.

Kihisi ndicho kile kibati cha silikoni nyuma ya lenzi. Wengine huandika sensa, lakini sensa ni ya kuhesabu watu. Karakana nyingi za hapa husema kapteri, kwa Kifaransa chetu. Hicho changu kina pikseli 1,920 kwa 1,200, yaani zaidi kidogo ya milioni 2.3. Ukitaka kujua pikseli ni nini, usifikirie picha. Fikiria uwanda wa wachimbaji wa mikono, ule wa njia ya Kolwezi, wenye mashimo yaliyochimbwa kwa kina kilekile na siku ileile. Mvua ikinyesha, mashimo hujaa, na ukipima maji ya kila shimo unajua mvua ilinyesha kiasi gani mahali hapo. Mvua ni mwanga. Maji ni elektroni ambazo mwanga umezing'oa ndani ya silikoni. Picha ya kidijitali ni daftari la vipimo hivyo, shimo kwa shimo.

Ila kila aliyewahi kuchimba anajua kwamba shimo hupata maji hata kiangazi. Yanachuruzika kutoka kwenye kuta. Katika silikoni, anayechuruzisha ni joto: nalo hung'oa elektroni, bila mwanga wowote, na elektroni iliyong'olewa na joto haina alama ya kuitofautisha na iliyong'olewa na mwanga. Huo huitwa mkondo wa gizani. Mashimo mengi huchuruzika kidogo tu, kwa kiasi kinacholingana, na kamera inajua kukitoa hesabuni. Lakini katika mashimo milioni mbili hayakosekani machache ambayo ukuta wake umegusa mshipa wa maji. Hayo hujaa yenyewe. Hizo ndizo pikseli za moto.

Zipo kasoro za aina nyingine. Kuna iliyokufa, isiyosikia mwanga kabisa, nyeusi daima. Kuna iliyokwama kwenye thamani moja, mchana na usiku. Kuna safu nzima iliyoharibika kwa sababu waya mmoja wa kusomea umekatika. Na kuna ile inayopepesa, ambayo nitarudi kwake. Kiwandani kwetu zilizofanya fujo ni za moto, nazo zina tabia mbili zinazopaswa kuandikwa ukutani: hukua kadiri unavyoacha shimo wazi muda mrefu, na hukua kadiri kunavyopata joto. Kwa joto, kanuni ya mkono ni kwamba mkondo wa gizani hujizidisha maradufu kila nyuzi sita hadi nane za Selsiasi. Tuseme saba. Asubuhi ya mwezi wa saba, Lubumbashi, watoto wanakwenda shule wamevaa kofia za sufu. Mchana wa mwezi wa kumi, chini ya mabati, huwezi kuegemea nguzo ya chuma. Kamera ni ileile.

Ni nini kinachotoboa ukuta wa shimo? Mara nyingi ni atomu iliyohama mahali pake katika fuwele ya silikoni, au atomu ya metali iliyoingia bila kualikwa wakati wa kutengeneza. Nilipokuwa nasoma hayo usiku, kwa tochi ya simu, nikafika kwenye orodha ya metali hizo nikacheka peke yangu. Chuma, nikeli, dhahabu. Na shaba.

Mji huu wote umejengwa juu ya shaba. Union Minière, kampuni ya madini ya Wabelgiji, ilianzishwa mwaka 1906, mji ukafuata mwaka 1910, na hadi leo ukimwambia dereva wa teksi akupeleke mahali usipopajua, atapima njia kwa lile bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, na mlima wa masalio ya tanuri ulio pembeni yake. Sisi tumelelewa tukijua kwamba shaba ni baraka, au angalau ni mshahara. Kumbe kwa watu wa silikoni ni sumu. Shaba hupenya ndani ya silikoni upesi kuliko karibu metali zote, na ikishatulia mahali pabaya huwa ngazi ya joto: elektroni ambayo isingeweza kuruka mara moja hupanda hatua mbili. Ndiyo maana kwa miaka mingi nyaya ndogo ndani ya chipu zilikuwa za alumini, ingawa kila mtu alijua shaba hupitisha umeme vizuri zaidi. Mwaka 1997 IBM ilitangaza kwamba imepata njia ya kuweka shaba, na siri mojawapo ilikuwa kuizungushia ukuta mwembamba mno ili isitoroke kuingia kwenye silikoni. Ukuta huo kwa kawaida hutengenezwa kwa tantali. Na tantali hutoka wapi? Kwenye koltani. Manono, Kivu. Kwa hiyo mwizi ni wa kwetu na mlinzi wa kwetu. Nilitaka kumwamsha mke wangu nimwambie. Nikakumbuka mara ya mwisho nilipomwamsha kwa habari za namna hiyo.

Shaba pia ndiyo iliyonisaidia kuielewa karatasi ya kamera. Kamera hizi za viwandani, tofauti na ya simu, huja na karatasi ya vipimo, na ya kwangu, niliyoinunua imetumika, ilikuwa na mstari uliosema kasoro za pikseli: sifuri. Niliuonyesha kidole mstari huo kwa hasira. Sifuri! Nami nina nyota anga nzima! Nikamwandikia muuzaji barua ndefu, ya Kifaransa, yenye maneno ambayo leo ningeyapunguza.

Lakini mtu wa Lubumbashi hana haki ya kushangazwa na karatasi ya namna hiyo. Kila siku malori yanapita hapa kwenda Kasumbalesa, mpakani na Zambia, yamebeba bamba za shaba zilizoandikiwa asilimia 99.99. Hakuna anayedhani hiyo sehemu iliyobaki haimo. Imo: kuna salfa, kuna risasi, kuna fedha. Daraja la shaba halisemi uchafu haupo. Linasema tumekubaliana uchafu usizidi hapa, ukipimwa kwa njia hii. Aliyefanya kazi maabara ya kiwanda cha shaba anajua kwamba ukibadilisha njia ya kupima unaweza kubadilisha daraja bila kugusa bamba. Na silikoni ya kutengenezea chipu husafishwa kuliko hapo mara nyingi sana, hadi tisa ziwe tisa, 99.9999999, na bado haitoshi.

Pikseli mbovu ni hivyohivyo. Si kitu unachoweza kukishika na kusema hiki hapa. Ni makubaliano. Mtengenezaji huweka kihisi mahali penye joto fulani, kwa muda fulani wa kukusanya mwanga, na kusema: pikseli itakayozidi wenzake kwa kiasi hiki ni mbovu. Badilisha mojawapo ya hayo matatu na idadi itabadilika. Vihisi huuzwa kwa madaraja, daraja la juu likiwa ghali, na tofauti yao aghalabu si namna ya kutengenezwa bali ni kuchambuliwa: vyote vimetoka katika tanuri moja, vikahesabiwa, vikatenganishwa kama nyanya sokoni Kenya. (Kenya ya hapa ni kata ya mji wetu, si nchi.) Chama cha Ulaya cha watu wa kamera za mashine kilitoa mwaka 2005 kanuni ya kupimia, EMVA 1288, na ninachokipenda ndani yake ni kwamba haikutoa tafsiri moja ya pikseli mbovu. Inakutaka uonyeshe mtawanyiko wote: pikseli ngapi zimeachana na wastani kwa kiasi gani, gizani na kwenye mwanga. Mwenye kazi yake ndiye ataamua mahali pa kukata. Ni uungwana mkubwa, na sijui kwa nini wauzaji wengi huuficha ukurasa huo nyuma.

Na ile sifuri? Ile ilikuwa kweli ya namna yake. Kila kamera ya aina hii ikitoka kiwandani huwa na ramani ndani ya kumbukumbu yake: orodha ya pikseli zilizokutwa na kasoro. Kamera ikisoma picha, pikseli iliyo kwenye orodha hunyamazishwa, na mahali pake huwekwa thamani iliyokisiwa kutoka kwa majirani. Unapewa picha imeshapigwa pasi. Nilipopata kitufe cha kuizima ramani hiyo, nilikizima saa moja asubuhi, wakati wa ubaridi, na madoa yakaonekana hata saa hiyo. Yalikuwepo tangu siku ya kwanza. Kamera isiyo na pikseli mbovu sijawahi kuiona. Nimeona zilizofichwa vizuri.

Shida ni kwamba ramani hiyo ilichorwa kwenye chumba cha watu wenye kiyoyozi, kwa muda mfupi wa kukusanya mwanga. Nyota zangu za saa tisa alasiri hazikuwahi kujitokeza mbele ya yule mchoraji.

Nyingine huenda hazikuwa zimezaliwa. Hili ni jambo ambalo sikuwa nalijua kabla ya mkasa huu. Pikseli za moto huongezeka hata kamera ikiwa kwenye boksi imezimwa. Miale kutoka anga za mbali ikigonga hewa juu yetu hutoa nyutroni, na nyutroni ikigonga fuwele ya silikoni inaweza kuisukuma atomu kutoka mahali pake. Shimo lililokuwa zima linatobolewa. Kadiri unavyopanda juu ndivyo mvua hiyo inavyokuwa nzito: ndani ya ndege, kwenye mita 10,000 na zaidi, nyutroni ni mamia ya mara kuliko ufukweni. Sisi hapa, kwenye mita kama 1,200, tunapata zaidi kidogo ya watu wa pwani, ingawa ukaribu wetu na ikweta unatusaidia, kwa kuwa sumaku ya dunia hukinga zaidi huku kuliko karibu na ncha. Ile kamera ilikuja kwa ndege hadi Luano, uwanja wetu wa ndege, kwa sababu shefu alikuwa na haraka. Darubini ya Hubble, ambayo inaishi ndani ya mvua hiyo bila hata paa la hewa, hupata pikseli mpya za moto kila siku, na wenye nayo wana dawa ya ajabu: karibu kila mwezi huacha vihisi vyake, ambavyo kwa kawaida hukaa kwenye baridi kali sana, vipate joto kwa saa kadhaa, na sehemu kubwa ya majeraha hujifunga. Nimewaza sana kuhusu hilo. Sisi joto linatuharibia, wao joto linawatibu.

Lakini turudi kwenye kosa, maana kosa lilikuwa na mwenyewe.

Muuzaji alijibu barua yangu kwa mistari minne. Aliuliza mambo mawili tu: joto la ndani ya kamera ni kiasi gani, na muda wa kukusanya mwanga ni kiasi gani. Hakusema lolote kuhusu maneno yangu. Nikaenda kusoma. Kamera ina kipimajoto chake ndani. Saa tisa alasiri kilisema nyuzi 57. Karatasi ilisema gamba la nje lisizidi 50, na gamba hilo nilishindwa kuliweka kiganja. Muda wa kukusanya mwanga ulikuwa milisekunde 120.

Nilikumbuka vizuri sana kwamba siku ya kuifunga niliuweka kwenye 8.

Huwa naandika daftari. Nikarudi nyuma, kurasa za mwezi wa sita, na hapo nikakuta mwandiko wangu mwenyewe. Shefu alikuwa ameleta chupa mpya, ndefu kuliko za zamani. Kitako na mabega havikuonekana vyote vikali kwa pamoja, nami nikabana tundu la lenzi kutoka 2.8 hadi 8 (namba ikikua, tundu hupungua) ili kina cha ukali kiongezeke. Tundu hilo likibanwa hivyo, mwanga unaoingia hupungua karibu mara nane. Wiki hiyohiyo nusu ya taa za LED zilikuwa zimekufa, na badala ya kutafuta nyingine niliandika, kwa wino wa buluu, "zitatosha kwa sasa". Mara nane, kisha mara mbili: kumi na sita. Picha ilikuwa giza. Nikaongeza muda kutoka 8 hadi 120, picha ikawa nzuri, nikafunga sanduku, nikaenda zangu. Chupa husimama wakati wa kupigwa picha, kwa hiyo hakuna kilichofifia. Kamera ilikuwa na nyuzi 29 asubuhi ile ya baridi, nimeiandika.

Hesabu yenyewe haichukui hata nusu ukurasa. Muda umeongezeka mara 15. Kutoka nyuzi 29 hadi 57 ni nyuzi 28, yaani saba mara nne, yaani maradufu mara nne, yaani 16. Kumi na tano mara kumi na sita ni 240. Kila shimo lenye mshipa lilikuwa linajaa mara 240 zaidi ya asubuhi ile kabla sijaongeza muda, na mimi ndiye niliyefungua mshipa huo mwezi wa sita, nikamwachia mwezi wa kumi lawama, kisha vumbi, kisha muuzaji. Wasichana wa kuosha chupa walikuwa wameshafokewa.

Kurekebisha kulichukua siku mbili, sehemu kubwa ikiwa ni kutafuta utepe wa LED unaolingana na kusubiri umeme urudi. Taa mpya, nyingi zaidi ya zile za kwanza. Tundu nililiacha kwenye 5.6, chupa zote mbili zikaonekana vya kutosha. Muda ukashuka hadi 8 tena. Kamera nikaibana kwenye kipande kinene cha alumini kilichotoka kwenye mlango wa zamani, ili joto lake lipate pa kukimbilia, na feni ndogo ya kompyuta ikipuliza pembeni. Saa tisa alasiri ya siku ya tatu nilifunika lenzi na kuhesabu. Kabla, kwenye milisekunde 120, nilikuwa nimehesabu madoa 214. Sasa yalibaki matatu.

Kuna jambo moja zaidi nililolikuta kwenye programu, nalo lilinikasirisha kuliko hesabu yangu. Eneo tunalopiga picha lina upana wa kama milimita 100 kwenye ule upande wenye pikseli 1,200, kwa hiyo milimita moja ni pikseli 12. Chembe ya kioo ya milimita moja, ikimeta, hufunika pikseli kadhaa. Lakini kipimo cha chini cha doa la kukataliwa kilikuwa kimewekwa pikseli moja. Aliyeuandaa mtambo kabla yangu alidhani kwamba ukali ndio usalama. Pikseli moja ni sehemu moja ya kumi na mbili ya milimita. Hakuna taa wala lenzi yetu inayoweza kuona kitu halisi cha ukubwa huo peke yake. Kitu halisi kina majirani. Doa la pikseli moja, lenye kingo kali hivyo, karibu kila mara ni kihisi kinachoota ndoto. Nikaweka pikseli tatu zilizoshikana, nikajaribu kwa vipande vya chupa nilivyovivunja mwenyewe kwa nyundo, na vyote vilikamatwa. Ilikuwa kamera ya nyeusi na nyeupe, bahati nzuri. Ingekuwa ya rangi, pikseli moja ya moto ingeenea kwa majirani wakati wa kukisia rangi, na kigezo hicho kingehitaji kufikiriwa upya.

Ukiniuliza leo kuhusu kununua kamera ya kiwanda, sitakuuliza ina pikseli mbovu ngapi. Nitakuuliza walihesabu kwenye nyuzi ngapi, shimo likiwa wazi milisekunde ngapi, na kama ramani ilikuwa imewashwa. Pia nitakuuliza kama pikseli mbovu zilizoshikana, mbili au tatu kwa pamoja, zinaruhusiwa katika daraja hilo, kwa sababu moja iliyojitenga inanyamazishwa bila hasara, lakini kikundi ukikinyamazisha umetoboa tundu ambalo chembe ya kweli inaweza kujificha. Kisha nitakuuliza paa lako ni la nini.

Muuzaji nilimwandikia tena, mistari minne. Sehemu ngumu ilikuwa kwa wasichana wa kuosha. Shefu si mtu wa kuomba radhi, kwa hiyo nikaenda mwenyewe, nikaeleza kwamba mashini ndiyo iliyokosa, na aliyeikosesha ni mimi. Mmoja akasema, "Tulijua," akaendelea kuosha.

Mama wa kupanga chupa alitaka kuona. Nikamkalisha mbele ya kompyuta, nikaziba lenzi, na nikarudisha muda kwenye 120 kwa dakika moja ili nyota zirudi. Akazitazama kimya. "Njo hizi zilikuwa zinatusemea bongo?" Ndizo, mama. Kisha nikashusha hadi 8 na anga ikazimika, ikabaki na yale matatu, ambayo nilikuwa nimeshayaingiza kwenye ramani. Nikaiwasha ramani. Giza tupu.

"Ile je?" akasema.

Kulikuwa na moja, upande wa kulia juu, safu ya 1,107. Ilikuwa haipo nilipohesabu. Ikawaka kama sekunde ishirini, ikazimika, ikakaa dakika kadhaa, ikawaka tena. Hiyo ndiyo aina inayopepesa: kasoro moja ndani ya shimo inayoshika elektroni na kuiachia kwa wakati wake yenyewe, na hakuna ramani inayoiweza, kwa sababu siku ya kuchorwa huenda imelala. Nilimweleza hivyo. Akaiita kimulimuli. Haisumbui, ni pikseli moja na kigezo ni tatu, lakini ameizoea. Nikipita kiwandani alasiri ananiambia habari zake kabla ya salamu. Juzi aliniambia haijawaka tangu mvua zianze.